Bodi ya Plaiwudi: Nguvu Iko Kwenye Umbo

Mwaka 1959 Waingereza wawili, Jem Marsh na Frank Costin, walitoa gari la mashindano lenye chasisi ya plaiwudi. Waliliita Marcos, kwa herufi za mwanzo za majina yao. Miongoni mwa vijana waliolikimbiza miaka ile ni Jackie Stewart, ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 mara 3. Costin hakuwa akibahatisha. Alitokea de Havilland, kampuni iliyounda Mosquito, ndege ya vita iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940 ikiwa na mwili wa plaiwudi nyembamba na kiini cha mti mwepesi wa balsa.

Siri ya plaiwudi ni hesabu. Karatasi ya chuma ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 1, ina kilo 23. Plaiwudi nzuri ya milimita 6, ukubwa uleule, ina kilo 12 hivi. Ni kweli kwamba unene ukilingana, chuma huishinda plaiwudi kwa ugumu zaidi ya mara 20. Lakini ugumu wa kupindika hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene: unene ukiwa mara 6, ugumu unapanda mara 216. Ukipiga hesabu zote mbili, plaiwudi hiyo ni ngumu kupindika kuliko bati zaidi ya mara 5, na uzito wake ni nusu tu.

Ndiyo maana anayejitengenezea kigari cha plaiwudi hahitaji fremu ya chuma ndani yake. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Chukua boksi la viatu lisilo na kifuniko, ulisokote: linalegea kama kitambaa. Lifunike, ubandike kingo zote kwa gundi, halafu jaribu tena: linakataa. Gari nalo likipita kwenye shimo kwa gurudumu moja husokotwa vivyo hivyo, na kinachokataa ni maboksi yaliyofungwa pande zote: kingo nene chini ya milango, handaki la katikati ya sakafu, na kuta za kukingama mbele na nyuma ya viti. Kila mlango unaokatwa ni kifuniko kilichoondolewa, kwa hiyo ukingo ulio chini yake lazima uwe na kina.

Kuunganisha mbao hizo hakuhitaji mashine ya kuchomelea. Vipande hutobolewa matundu madogo ukingoni na kufungwa kwa waya wa shaba. Kisha pembe ya ndani hujazwa gundi ya epoksi iliyokorogwa na unga wa kuifanya nzito, ikalainishwa kwa mviringo na kufunikwa utepe wa faibaglasi. Wajenzi wa mtepe, chombo cha baharini cha pwani yetu, walishona mbao kwa kamba za nazi, na kamba hizo ndizo zilizoshika chombo maisha yake yote. Hapa waya hushikilia tu mpaka gundi ikauke, halafu hukatwa.

Mahali pa kuogopa ni pale springi na usukani vinapofungwa. Plaiwudi hubeba mzigo uliosambaa, lakini bolti iliyokazwa moja kwa moja juu yake huikandamiza, tundu likapanuka, nati ikalegea. Fundi makini hutoboa tundu kubwa kuliko bolti, hulijaza epoksi nzito, na ikishakauka hutoboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Bolti haigusi mbao hata kidogo. Nyuma yake huwekwa kipande cha mbao ngumu na bamba pana la chuma, ili mzigo ugawanyike.

Adui wa pili ni maji. Kuvu huanza kula mbao unyevu wake unapozidi takriban asilimia 20, na maji huingia zaidi kwenye kingo zilizokatwa kuliko kwenye uso. Kila ukingo, na ndani ya kila tundu, panyweshwe epoksi kabla ya rangi. Usidanganyike na jina la marini bodi dukani: nyingi ni mbao za kumiminia zege, na ngozi yake inayoteleza haishiki gundi. Chemsha kipande kwa saa kadhaa. Tabaka zikiachana, achana nacho.

Tony Howarth, mpigapicha wa habari wa Uingereza, aliujaribu ujenzi wa aina hii kwa ajili ya Afrika. Mwaka 1984 magari yake ya Africar, yenye bodi za plaiwudi iliyonyweshwa epoksi na mitambo ya Citroën 2CV, yalisafiri kutoka Aktiki hadi ikweta. Kampuni yake ilianguka mwaka 1988, kabla ya kuzalisha kwa wingi. Hoja yake bado ina uzito: mashine za kukunja bati za mwili wa gari hugharimu fedha ambazo ni viwanda vikubwa tu vilivyo nazo, ilhali plaiwudi hukatwa kwa msumeno. Kwa kigari chepesi cha mwendo wa pole shambani, karakana ya seremala inatosha. Kwa barabara kuu ni habari nyingine, kwani mbao ikigongwa hupasuka badala ya kukunjamana, na anayeijengea familia yake aanze kwa kulikubali hilo.