Utukufu wa Mungu una uzito

Sala ya Atukuzwe Baba huwa tunaisali haraka haraka, hasa tunapomaliza kila fumbo la rozari. Je, umewahi kujiuliza utukufu huo tunaoutaja ni kitu gani?

Wengi wetu tukisikia neno utukufu tunafikiria mwanga mkali, kwaya nzuri na kanisa lililopambwa. Mimi pia nilifikiri hivyo. Nilipoadhimisha Jubilei ya miaka 25 ya upadre, kanisa lilijaa, ngoma na vigelegele vikasikika hadi barabarani. Usiku ule nililala nikiamini nimeuona utukufu wa Mungu. Kumbe nilichofurahia zaidi kilikuwa utukufu wangu mwenyewe.

Siku chache baadaye nilipeleka Komunyo Takatifu kwa mzee mmoja aliyepooza, katika kigango cha mbali. Mkewe, naye akiwa na umri mkubwa, alimwinua, akamfuta mdomo, akamshikia kichwa ili apokee. Nikamuuliza, "Mama, amekuwa hivi muda gani?" Akajibu, "Miaka sita, Baba. Ila leo ameamka vizuri." Nilikosa la kusema.

Katika Kiebrania cha Agano la Kale, neno la utukufu ni kabod, na asili yake ni uzito. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 33, Musa anaomba auone utukufu wa Mungu, naye Mungu anaahidi kupitisha wema wake mbele yake. Aliomba utukufu, akaahidiwa wema. Na katika Injili ya Yohane, sura ya 12, Yesu anatangaza kuwa saa yake ya kutukuzwa imefika, kisha papo hapo anazungumzia punje ya ngano inayopaswa kufa ardhini. Alikuwa anaelekea msalabani.

Ndugu yangu, utukufu wa Mungu ni upendo unaokubali kubeba mzigo. Petro alipouona mlimani alitaka kujenga vibanda wabaki huko. Yesu akawashusha, na kule chini walimkuta baba akimwombea msaada mwanawe mgonjwa.

Leo ukitoka kanisani, usiuache utukufu altareni. Yupo mtu nyumbani kwako, au jirani, ambaye mzigo wake unaujua na umekuwa ukiukwepa. Nenda kwake. Kisha jioni usali Atukuzwe Baba polepole, neno kwa neno. Mimi nami ninajifunza kuisali hivyo, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kando ya kitanda cha mzee yule.