ZIWA LIKIPANDA, NANI ANAHESABIWA?

Wengi husema ziwa limepanda kwa mvua ya mwaka huu. Si mvua ya mwaka mmoja. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo mvua kubwa zikifuatana, maji hulimbikizana, na kushuka kwake huchukua miaka. Ilikuwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ikawa hivyo tena kuanzia mvua za mwisho wa 2019, kisha ikaja El Niño ya 2023. Hewa ya dunia imepata joto, na hewa ya joto hubeba maji mengi na kuyamwaga kwa pamoja.

Mwezi wa Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba msaada: watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathirika tangu Septemba 2023.

Sheria ya maji ya 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Sisi hatuipingi. Tunauliza jinsi watu wanavyohamishwa. Mwenye hoteli ana nyumba nyingine mlimani. Orodha ikiandika wenye nyumba peke yao, mpangaji hayumo, wala mpakuaji wa bandarini. Na mama anayeanika ndagala mchangani? Nyumba yake labda imesalimika, lakini mchanga ule ndio kiwanda chake. Yeye naye amepata hasara. Tena kiwanja kipya kikiwa mbali, nauli inakula mshahara, na mkata ngazi za michikichi anayelipwa kwa siku hawezi kufika alfajiri.

Gharama hizo zisibebwe na Rumonge peke yake. Burundi ni kati ya nchi zinazotoa moshi kidogo kabisa duniani. Viwanda vilivyojaza hewa viko kwingine. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana Sharm el-Sheikh mwaka 2022 kuwe na mfuko wa hasara za namna hii, ukaanza rasmi Dubai mwaka 2023. Fedha zilizoahidiwa ni chache mno, na zina njia ndefu kabla ya kufika kwa mpakuaji.

Tunaomba kila kamati ya kiwanda na ya shamba iandike sasa majina ya wapangaji na vibarua wa kando ya ziwa, kazi ya kila mmoja, na siku alizokosa ujira kwa sababu ya maji.