Pancha njiani: Pampu ipi imfae mwendesha baiskeli wa Kilimanjaro?

MWENDESHA baiskeli anayetoka Moshi mjini kwa barabara ya lami hadi Himo, kisha akakata kushoto kupanda Marangu, hupanda takriban mita 1,000 kabla ya kufika lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro. Kupanda huko kunachosha, lakini hatari kubwa zaidi humngoja wakati wa kuteremka.

Tairi lililojazwa upepo nusu huyumba kwenye kona na huweza kuchomoka kwenye rimu. Likigonga shimo, tyubu hubanwa na ukingo wa rimu, ikatoboka upya. Kwa sababu hiyo, pampu ya safari si pambo. Ndiyo inayoamua iwapo mtu atashuka mlima salama au atasukuma baiskeli gizani, pembeni mwa barabara inayopitwa na mabasi na malori.

Baiskeli za mbio zina tabu yake. Baiskeli ya kawaida ya mizigo huridhika na upepo wa PSI 45 hadi 60, na fundi wa kijiweni huijaza bila taabu. Tairi jembamba la baiskeli ya mbio, lenye upana wa milimita 25, huhitaji PSI 80 hadi 100 kutegemea uzito wa mwendeshaji. Lile la milimita 32 hutosheka na PSI 50 hadi 65.

Jambo la kwanza la kutazama, basi, ni valvu. Baiskeli nyingi za mbio hutumia valvu nyembamba yenye kinati kidogo kichwani, ambacho sharti kilegezwe kabla ya kujaza. Baiskeli nyingi za milimani hutumia valvu nene kama ya gari na pikipiki. Baiskeli za zamani zina valvu yenye kipira ndani, nayo hukubali kichwa cha pampu cha valvu nyembamba.

Tofauti hiyo ina maana kubwa njiani. Vibanda vya kujaza upepo vinavyohudumia bodaboda na magari vina mipira ya valvu nene tu. Mwenye baiskeli ya mbio anaweza kufika kibandani akiwa na tairi bapa, akaondoka nalo vilevile. Dawa yake ni kiunganishi kidogo cha shaba, kinachofungwa juu ya valvu nyembamba ili ikubali mpira wa valvu nene. Hakizidi ukubwa wa ncha ya kidole. Hata hivyo, kompresa ya magari hujaza kwa kasi mno, hivyo tairi jembamba lijazwe kidogo kidogo, lisije likapasuka.

Baada ya valvu, kuna aina tatu za vifaa vya kujazia upepo.

Ya kwanza ni pampu ya mkono. Haina betri wala gesi, na haiishiwi. Udhaifu wake ni jasho: pampu fupi inayoingia mfukoni huhitaji kusukumwa mara 200 au zaidi kulifikisha tairi la mbio kwenye PSI 80, na kadiri upepo unavyopanda ndivyo mkono unavyokwama. Pampu nyembamba husukuma hewa kidogo kila mara lakini hufikia PSI za juu kwa nguvu chache. Pampu nene hujaza haraka tairi pana, ila hugoma mapema. Yenye mpira mfupi wa kuunganishia ni bora kuliko inayobanwa moja kwa moja kwenye valvu, kwani haiitikisi valvu hadi ikakatika.

Ya pili ni kimtungi cha hewa ya ukaa. Kimtungi cha gramu 16 hulijaza tairi la milimita 25 hadi kiwango cha kutembelea kwa sekunde chache. Katika tairi pana la milimani, kimtungi hichohicho hakifikishi hata PSI 30. Kasoro zake ni tatu. Kikishatumika kimekwisha, na mtu akikosea kukifunga, gesi yote hupotea. Pili, hupata baridi kali wakati wa kutoa gesi, hivyo kishikwe kwa kitambaa au glavu. Tatu, hewa ya ukaa hupenya tyubu ya mpira haraka kuliko hewa ya kawaida, na tairi huwa limelegea kesho yake. Aidha, mashirika ya ndege huviwekea masharti vimtungi hivyo, na mgeni anayeshukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro hapaswi kuvitegemea bila kuuliza mapema.

Ya tatu ni pampu ndogo ya umeme inayotumia betri ya kuchajiwa. Nyingine hazizidi gramu 200, na hujaza tairi kwa dakika moja au mbili huku zikionyesha kipimo. Lakini zilizo ndogo zaidi hujaza matairi mawili au matatu tu kwa chaji moja, hupata joto, na zikisahaulika bila kuchajiwa huwa mzigo mtupu. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia safari, mwenye pampu hiyo hana uhakika.

Mwinuko nao una sehemu yake. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda. Langoni Marangu, mita 1,860 hivi juu ya usawa wa bahari, kila msukumo wa pampu ya mkono huingiza hewa pungufu kwa takriban asilimia 10 kuliko Moshi mjini. Mwenye pancha huko juu atasukuma mara nyingi zaidi kufikia kiwango kilekile. Hakuna haja, hata hivyo, ya kupunguza upepo uliojazwa mjini; ongezeko linaloletwa na mwinuko huo halifiki PSI 2.

Kwa anayezunguka karibu na mji, ambako mafundi wako kila kona, pampu ndogo ya mkono na kiunganishi vinatosha. Anayekwenda mbali, kuelekea Mwika na Rombo au kuteremka tambarare za Arusha Chini zenye miiba ya migunga, anahitaji pia kifaa cha haraka, kiwe kimtungi au pampu ya umeme. Lakini kifaa hicho kiwe nyongeza, kisichukue nafasi ya pampu ya mkono.

Pampu peke yake haizibi tundu. Ndani ya mkoba pawe na tyubu moja mpya, viraka, solusheni na vibanio viwili vya kuvulia tairi. Kabla ya kujaza, mtu apapase ndani ya tairi kwa uangalifu, autoe mwiba au kigae kilichotoboa. Akikiacha, pancha ya pili itamfika kabla hajatoka kijijini. Masika, maji yanaposomba changarawe na vigae hadi barabarani, uangalifu huo huhitajika zaidi.

La mwisho halina gharama. Pampu mpya ijaribiwe nyumbani, tairi litolewe upepo wote kisha lijazwe hadi mwisho. Atakayeshindwa kufikia PSI 70 akiwa uani kwake, mchana na pakavu, hataweza Marangu jioni mvua ikinyesha. Tahadhari kabla ya hatari.