Chapa ya dhahabu

Chapa ya dhahabu ni alama ndogo inayogongwa kwenye pambo, kwa kawaida upande wa ndani wa pete au karibu na kifungo cha mkufu, ili kuonyesha kiasi cha dhahabu halisi kilichomo.

Dhahabu safi ni laini, hivyo hupinda na kukwaruzika upesi. Kwa sababu hiyo masonara huichanganya na fedha, shaba au metali nyingine na kupata aloi iliyo ngumu zaidi.

Kusoma namba

Usafi huandikwa kwa karati, yaani sehemu kati ya 24, au kwa sehemu kati ya 1000:

- Karati 22: 916
- Karati 21: 875
- Karati 18: 750
- Karati 14: 585
- Karati 9: 375

Hivyo mkufu wa gramu 10 wenye chapa 750 una gramu 7.5 za dhahabu, lakini wenye 375 una gramu 3.75 tu. Karati hii isichanganywe na karati ya kupimia uzito wa almasi, ambayo ni gramu 0.2.

Herufi GP humaanisha kwamba metali nyingine imepakwa dhahabu juu. GF kwamba imefunikwa kwa tabaka nene zaidi. Namba 925 ni ya fedha, hata kama pambo lina rangi ya dhahabu.

Nani amegonga chapa

Katika nchi nyingi mtengenezaji hugonga namba mwenyewe. Nchini Uingereza pambo hupimwa kwanza na ofisi maalumu. Tangu mwaka 1478 masonara wa London walipeleka kazi zao Goldsmiths' Hall zikaguliwe. Kila ofisi ina alama yake: kichwa cha chui (London), nanga (Birmingham), waridi (Sheffield) na ngome (Edinburgh). Kando yake huwa na namba ya usafi na herufi za aliyepeleka pambo.

Mipaka yake

Chapa inaweza kughushiwa, au kifungo chenye chapa halali kikaungwa kwenye mkufu usio wa dhahabu. Kwa upande mwingine, chapa ya pete ya zamani huweza kufutika kwa kuvaliwa, na sheria ya Uingereza haidai chapa kwa dhahabu isiyofika gramu 1. Kwa hiyo kabla ya kununua au kuuza, sonara hulipima pambo lenyewe kwa asidi na jiwe la kupimia, au kwa mashine ya eksirei.