Kutoka Karungu hadi Venisi: Namna ya Kupanga Safari ya Wiki Mbili katika Mikoa Mitano ya Italia

Utangulizi

Mwaka wa 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo ambamo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya mwaka wa 1896 hadi Urusi na Siberia. Masimulizi ya aina hiyo hutupa yale ambayo msafiri aliyaona. Ni nadra kutueleza jinsi safari yenyewe ilivyopangwa. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo inayotangulia safari.

Tumchukulie mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu, mwenyeji wa Karungu kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, ambako Migori inapakana na Homa Bay. Jamaa zake wamemchangia fedha azuru Italia kwa wiki mbili. Fedha hizo hazitachangwa mara ya pili, kwa hiyo kila siku atakayoipoteza njiani ni jasho la watu wengine. Hoja ya makala haya ni kwamba safari ya namna hiyo hupangwa kwa kuanza na swali, wala si kwa kuanza na orodha ya miji.

Swali Kabla ya Ratiba

Italia ina mikoa 20, na hakuna anayeweza kuizuru yote kwa siku 14. Msafiri asiye na swali hukimbilia picha: leo mnara, kesho kanisa, keshokutwa daraja. Hurudi nyumbani amechoka, na akiulizwa alichojifunza hutoa simu aonyeshe picha.

Mwanafunzi wetu anayo maswali mawili. La kwanza linatokana na hospitali ya misheni ya Karungu, ambayo ina jina la Mtakatifu Kamilo. Je, ni nani mtu huyu ambaye jina lake limevuka bahari hadi ufuoni kwetu? La pili linamhusu kama mwanaisimu. Katika vilima vya Gwassi na kwenye visiwa vya Rusinga na Mfangano, Kisuba kimekuwa kikimezwa na Kijaluo kwa vizazi kadhaa. Juu ya lugha zote mbili kipo Kiswahili, ambacho usanifu wake uliegemezwa kwenye Kiunguja, na kazi hiyo ikasimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930. Je, Italia, ambayo nayo iliteua lahaja moja iwe lugha ya taifa, imeishije na zile nyingine? Maswali haya ndiyo yatakayochagua mikoa.

Majira, Karatasi na Fedha

Wavuvi wa omena wa Karungu hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti samaki, basi hukaa nchi kavu wakashona nyavu. Msafiri naye ana majira yake. Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba, hali ya hewa ni ya wastani. Katikati ya Agosti joto ni kali, na kuizunguka sikukuu ya tarehe 15 maduka mengi hufungwa, wenyeji wakaenda baharini.

Baada ya majira huja viza. Mkenya huomba viza ya Schengen, inayoruhusu ukaaji usiozidi siku 90 katika kipindi cha siku 180. Ombi hupelekwa si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala si chini ya siku 15 kabla yake. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni yuro 90, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya safari inatakiwa kufidia matibabu ya angalau yuro 30,000. Pasipoti inapaswa iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya.

Hapa ndipo wengi hukwama. Miongoni mwa sababu za kukataliwa ni kwamba lengo la safari halikuthibitishwa, au kwamba ofisa hakuridhika kuwa mwombaji atarejea kwao. Kwa mwanafunzi aliyechangiwa, ipo hatari nyingine: fedha nyingi zinapoingia kwenye akaunti ghafla, huonekana kama za kuazima. Dawa yake ni kuambatisha barua za wachangiaji zinazoeleza chanzo cha fedha hizo, pamoja na barua ya chuo inayotaja tarehe ya kurudi masomoni. Hivyo basi, swali la utafiti lina faida mbili. Humwongoza msafiri, na humweleza ofisa kwa nini mtu wa Karungu aende Abruzzo. Aidha, ni busara kuweka nafasi za ndege na malazi zinazoweza kubatilishwa hadi viza itoke.

Ratiba ya Siku Kumi na Nne

Kutoka Karungu hadi Nairobi ni safari ya usiku kucha kwa basi, na kutoka Nairobi mara nyingi hubadilishwa ndege njiani. Siku hizo zihesabiwe kando. Ndege itue Roma na ya kurudi iondokee Venisi, ili msafiri asilazimike kurudia njia aliyokwisha kuipita.

Siku ya 1 hadi ya 3: Napoli, mkoa wa Campania. Treni ya kasi hutoka Roma kwa muda wa saa moja na dakika chache. Chuo Kikuu cha L'Orientale, chenye asili yake katika karne ya 18, kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Hapo ndipo alipofundisha marehemu Elena Bertoncini Zúbková, mtafiti mashuhuri wa fasihi yetu. Mwanafunzi aandike barua mapema kuomba kuhudhuria mhadhara, baada ya kuchunguza kalenda ya chuo. Mitaani asikilize Kinapoli, ambamo irabu za mwisho wa maneno hufifia.

Siku ya 4 hadi ya 6: Roma, mkoa wa Lazio. Karibu na Pantheon lipo kanisa la Santa Maria Maddalena, alikozikwa Mtakatifu Kamilo, aliyefariki mwaka wa 1614. Mjini humo ndimo pia inamotangazia Redio Vatikani, yenye idhaa ya Kiswahili.

Siku ya 7 na ya 8: Bucchianico, mkoa wa Abruzzo. Basi huvuka milima ya Apenini kuelekea Chieti na Pescara. Katika mji huu mdogo wa kilimani alizaliwa Kamilo mwaka wa 1550. Alikuwa askari na mcheza kamari kabla ya kuanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa. Mji huu haumo katika ratiba nyingi za watalii. Kwa mtu wa Karungu ndio kiini cha safari.

Siku ya 9 hadi ya 11: Firenze, mkoa wa Toscana. Treni hufuata pwani ya Adriatiki hadi Bologna, kisha hugeukia kusini. Lahaja ya huku, iliyokuzwa na Dante, ndiyo msingi wa Kiitaliano sanifu. Chuo cha Crusca kilianzishwa hapa mwaka wa 1583 na kamusi yake ikatoka mwaka wa 1612. Ajabu ni kwamba mpaka leo wenyeji wengi hutamka /k/ iliyo kati ya irabu kama /h/, jambo ambalo usanifu haukulikubali. Hata lahaja iliyoteuliwa haifanani kabisa na lugha iliyozaliwa nayo.

Siku ya 12 na ya 13: Venisi, mkoa wa Veneto. Msomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka wa 1969, atalitambua Rialto walikokutana wafanyabiashara, na atauona mtaa ambamo Wayahudi walifungiwa tangu mwaka wa 1516. Tangu mwaka wa 2024, katika siku maalumu, mgeni asiyelala mjini hutozwa ada ya kuingia, anayelala husamehewa. Siku ya 14 ni ya kuondoka.

Tahadhari moja ya njiani: tiketi ya karatasi ya treni za mkoa hupigwa muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini.

Yaliyoachwa

Kupanga ni kuacha. Sisilia imeachwa ingawa lahaja yake ni tajiri na treni ya kwenda huko hupakiwa katika kivuko kuvuka mlangobahari wa Messina, jambo ambalo mtoto wa ziwani angependa kuliona. Kwenda na kurudi kungekula siku mbili. Mnara wa Pisa nao umeachwa, kwa kuwa haujibu swali lolote kati ya yale mawili.

Hitimisho

Mwaka wa 1999 Italia ilitunga sheria namba 482 inayolinda lugha 12 za jamii ndogo, lakini Kinapoli na Kivenisi havimo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya bila kuzitaja moja moja. Je, ni lipi lenye nguvu zaidi: orodha au ahadi? Mwanafunzi atakayerudi Karungu na swali hilo, akalipeleka kwa wazee wa Gwassi ambao bado wanazungumza Kisuba, atakuwa amewalipa waliomchangia.