Mtoto Anakwenda JKT: Mama, Umejiandaaje?

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikishakwisha, katika nyumba nyingi za Tanzania huzuka swali moja: jina limetoka, mtoto amepangiwa kambi, tufanye nini? Katika nyumba nyingine swali ni tofauti kidogo. Kijana alimaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi, na sasa anataka kwenda JKT kwa kujitolea "ili apate jeshi". Akina mama huniuliza mambo haya baada ya ibada, kwa kuwa wanajua mimi ni muuguzi na vijana huja kwetu kupimwa afya.

Wengi wetu tulio na umri wa miaka arobaini na kitu hatukupita huko. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na baba zetu na mama zetu waliosoma walilipitia kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1994 utaratibu huo ulisimamishwa, ukarudishwa mwaka 2013. Kwa hiyo kizazi chetu kiko katikati: wazazi wetu walicheza kwata, watoto wetu wanacheza kwata, lakini sisi hatujui la kuwaambia. Ndiyo maana ni vizuri tujifunze.

Njia mbili zisizofanana

Njia ya kwanza ni ya mujibu wa sheria, kwa wahitimu wa kidato cha sita. Hawa hukaa kambini kwa miezi mitatu, kisha huendelea na safari yao ya masomo. Njia ya pili ni ya kujitolea, ambayo huchukua miaka miwili. Maombi yake hupitia ofisi za wilaya na mikoa, pale kijana anapoishi. Nafasi hizi haziuzwi. Mtu yeyote anayekuambia umpe fedha ili "amsukumie" mwanao jina ni mwizi, hata kama amevaa vizuri na anataja majina ya wakubwa. Mama, usiuze mbuzi wala kiwanja kwa ajili ya mtu huyo.

Ajira haikuahidiwa

Hapa ndipo penye machozi mengi. Ni kweli kwamba JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto mara nyingi huchukua vijana waliopita JKT. Lakini kuchukua baadhi si kuchukua wote. JKT yenyewe husema wazi inapotangaza nafasi kwamba haitoi ajira. Anayejitolea hupata posho ndogo, si mshahara. Mwezi Aprili 2021 vijana 854 waliondolewa JKT baada ya kugoma wakidai kuajiriwa jeshini. Nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na mama aliyekwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe ni askari.

Tusimtwishe mtoto ahadi ambayo hakuna aliyeitoa. Tumwambie kwamba anakwenda shule ya namna nyingine, na kama milango ya ajira itafunguka, tutamshukuru Mungu.

Faida ipo, lakini huchumwa

Kambi za JKT huzalisha mali. Kambi ya Chita, mkoani Morogoro, inajulikana kwa mpunga, na ile ya Bulombora, Kigoma, kwa michikichi. Shirika la SUMAJKT, lililoundwa mwaka 1981, lina shughuli za ujenzi, kilimo na ulinzi, na baadhi ya vijana hupata kazi humo. Katika miaka miwili kijana mwenye macho anaweza kujifunza uashi, useremala, ufugaji au kilimo cha kisasa. Asiye na macho atarudi na nyimbo za mchakamchaka tu.

Basi mwambie mwanao achague ujuzi mmoja na aung'ang'anie. Akirudi nyumbani bila ajira, aende VETA akaulize namna ya kupimwa ujuzi alioupata nje ya darasa na kupewa cheti. Fundi mwenye cheti hupata kazi mahali ambapo fundi wa maneno hukataliwa.

Kwa wale wenye nia ya kweli ya kubaki jeshini, masomo hayaishi kwa kuvaa magwanda. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli hutoa shahada ya sayansi ya kijeshi, na Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, Dar es Salaam, ina madaktari na wauguzi ambao ni askari. Binti anayependa uuguzi na anayependa jeshi halazimiki kuacha kimoja.

Wakati yeye yuko kambini

Kwa wa kidato cha sita kuna jambo moja ambalo familia nyingi husahau. Miezi ya mafunzo huangukia wakati uleule wa matokeo, maombi ya vyuo na maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mtoto yuko kwenye kwata, na karatasi ziko kabatini. Kabla hajaondoka, hakikisheni cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, na kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo pia. Weka nakala za vyeti vya shule nyumbani, kwa kuwa yeye ataondoka na vyake. Mkubaliane mapema ni vyuo gani na kozi gani. Mama ndiye atakayekimbia huku na kule.

Maneno ya muuguzi

Usimfundishe mtoto kuficha ugonjwa wakati wa kupimwa. Mwenye selimundu, pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo aseme wazi. Kukimbia juani kwa masaa kunaweza kumwangusha asiyetarajia, na daktari wa kambi hawezi kumsaidia asiyemjua. Mtoto mwenye ulemavu unaoonekana hupangiwa kambi ya Ruvu, Mlandizi, yenye miundombinu ya kumhudumia, kwa hiyo asikate tamaa.

Wito huorodhesha mahitaji: bukta ya bluu iliyoiva inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi. Mimi naongeza haya. Raba azivae nyumbani wiki mbili kabla, azizoee, maana malengelenge ya miguu huwatesa kuruta wengi. Binti abebe pedi za kumtosha na nguo za ndani za pamba. Wote wazoee kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima.

Na binti yako umwambie jambo hili bila haya: afande ana haki ya kumwamuru akimbie, hana haki ya kumgusa. Likimpata la namna hiyo, amwendee mkuu wa kike au mganga wa kambi siku ileile, na akupe habari. Ajue kabla hajapanda basi kwamba wewe mama yake utamwamini.