Fundi Amekuitisha Mifuko 10 ya Gundi ya Tiles? Piga Hesabu Kwanza, Usichezwe

Umejinyima miezi kadhaa, keja inakaribia kuisha, alafu fundi anakuletea listi: gundi ya tiles, mifuko kumi. Kabla utume doh, shika tepu tupige hesabu.

Chukua bafu ndogo, sakafu mita 2 kwa 1.5. Hiyo ni mita 3 za mraba. Ukizunguka kuta zote unapata mita 7. Ukipandisha tiles hadi mita 2, hizo ni 14. Toa mlango, kama 1.4. Jumla: 15.6. Ongeza asilimia 10 ya zile zitakatwa na kuvunjika, unafika kama 17.

Sasa gundi. Ile ya unga hukula kama kilo 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba. Tuseme 5. 17 mara 5 ni kilo 85. Mifuko ya kilo 25 ni minne. Ya kilo 20 ni mitano. Hizo zingine ni za nani? Akisema ukuta umepinda, sawa, lakini ukuta hunyooshwa na plasta, si gundi.

Usinunue pia yoyote ile juu ni bei rahisi. Cheki kwa mfuko: C1 ni ya kawaida, inatosha tiles za seramiki kwa ukuta wa simiti. Kama ni porcelain, itisha C2, iliyoongezwa polima. Porcelain karibu hainywi maji, so gundi ya kawaida hukosa pa kushika. Ukibandika juu ya tiles za zamani, pia ni C2. Herufi T inamaanisha tile haitateleza ukutani.

Siku ya kazi, kuwa hapo. Fundi akiweka madonge matano nyuma ya tile na kuigonga, msimamishe. Gundi inafaa kutandazwa yote kwa mwiko wa meno, na zile kubwa za 60 kwa 60 zipakwe mgongoni pia. Ikianza kuganda kwa ndoo, asiongeze maji. Hiyo itupwe.

Ngoja masaa 24 kabla ya kujaza nafasi za katikati, alafu gonga kila tile na sarafu. Ikilia kama debe tupu, ing'olewe kabla hujamlipa balance. Ukishalipa, kumpata kwa simu ni story ingine.